Gogo la barabarani Lushoto nalijua, na sababu yake ni mimi

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua ndefu hua mnazipunguza ila hii nakuomba uiachie achie kidogo, manake ni ya kukiri kosa na mtu akikiri kosa akakatwa katikati inaonekana kama kakataa.

Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa analalamika kwamba wenye magari ya fobaifo wakienda kupiga kambi milima ya Usambara kipindi cha mvua wanakuta wamewekewa gogo barabarani, mwenyekiti wa kitongoji anawaambia rudini mpaka pakauke. Akasema huo ni ushamba, unaua utalii wa ndani, watu wana hela zao mfukoni wanarudishwa kama wezi. Nilipoisoma nilicheka mwenyewe hadi mke wangu akauliza kuna nini, manake kwa jinsi alivyopaelezea hapo mahali, gogo hilo nalijua. Ni mkaratusi, umekatwa pande mbili, na upande mmoja una kovu la waya wa winchi, ile mashine ya mbele ya gari ya kujivuta ukikwama. Kovu hilo tuliweka sisi.

Ngoja nianze mwanzo. Sisi ni watu watano, tumejuana tangu sekondari hapa Tanga, sasa hivi kila mtu na mambo yake, mmoja anauza spea, mmoja mwalimu, mmoja yuko bandarini, wawili wamehamia Dar. Kila mwaka mara mbili hivi tunakutana Mombo, tunakula chipsi mayai pale karibu na stendi, tunajaza mafuta, tunapanda mlima. Magari yetu sio ya kutisha: kuna Land Rover one ten ya zamani inayovuja oili kila ikisimama, kuna mkonga mmoja, yani Land Cruiser, Prado mbili (moja ndio yangu), na kale ka-Suzuki ka mwalimu ambako sote hua tunakacheka. Kumbukeni hako ka-Suzuki, ntakarudia.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, yani sijui niwaambieje. Ukitoka Mombo unaacha joto lote pale barabara kuu, lami inaanza kupanda hapo hapo, kilomita kama 33 mpaka Lushoto mjini, kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba mkono mwingine bonde, njia hiyo chanzo chake ni Wajerumani waliichonga enzi hizo Lushoto wanaiita Wilhelmstal. Soni unasimama, maporomoko yako hapo hapo, watoto wanakuzingira na plamu na mapichi kama ni msimu wake. Masikio yanaziba. Ukifika Lushoto uko mita kama 1,400 juu ya bahari na unatafuta sweta, ukiendelea Magamba ndani ya msitu unapita mita 2,000 na hapo hata mwezi wa kumi na mbili unavaa koti. Halafu unaenda, unaenda, Lukozi kwenye soko la mboga, unanyoosha mpaka Mtae ambako mlima unakatika ghafla kama mkate, ukisogea hatua tano mbele unaangukia Mkomazi. Asubuhi kule mawingu yanakua chini yako. Unakaa na kikombe cha chai ya mchaichai unaangalia mawingu yanajaa kwenye mabonde kama maziwa yanayochemka, hamna anayeongea, hata yule jamaa wa bandarini ambaye hua hanyamazi. Nimeenda Zanzibar, nimeenda Serengeti, sijakuta asubuhi kama ile.

Na vinyonga. Msitu wa Magamba ukiendesha usiku polepole na tochi unawaona wamelala kwenye matawi, weupe weupe, wengine wana pembe puani, na hawapatikani kwingine duniani zaidi ya milima hii. Wanasayansi kutafuta jina la jenasi yao wakaona hakuna jipya zaidi ya neno letu, wakaiita Kinyongia. Mimi hilo hua nalitumia kama ushahidi kila mtu akinambia Kiswahili hakina sayansi.

Haya. Ilikua Pasaka, yani katikati ya masika. Mwalimu alisema kabisa kwenye grupu letu la simu, jamani Mamlaka ya Hali ya Hewa wametoa utabiri mvua ni kubwa kwa Tanga, tusogeze mpaka mwezi wa sita. Tukamcheka. Mimi ndio niliandika "si ndio raha yenyewe", na meseji hiyo bado ipo, kila nikibishana na mtu wananirushia. Manake ukweli usemwe, kwa mtu wa fobaifo tope ndio sherehe. Umetumia milioni ngapi kununua matairi ya meno, umefunga winchi mbele, umeweka ile bomba ya kupumulia juu ya kioo kana kwamba unaenda kuvuka Rufiji, halafu upite lami? Unataka tope. Unataka video.

Tulifika Ijumaa jioni, tukaacha barabara kubwa, tukaingia njia ya kijiji, kilomita 2 na kitu mpaka kwenye kibonde ambako mjomba wa mmoja wetu ana shamba na kipande cha nyasi tambarare, ndio kambi yetu ya siku zote. Njia hiyo ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, ikikauka ni ngumu kama sakafu, ikilowa ni sabuni. Usiku mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Jumamosi asubuhi mjomba akaja na chai na mihogo, akasema leo kaeni, msitoe magari, jua likiwaka mpaka saa tisa pataanza kushika. Tukasema sawa mjomba. Alivyoondoka tu, one ten ikawashwa.

Sitaki kusema mengi ya hiyo Jumamosi kwasababu nikisema sana itaonekana najisifu, na kwakweli nilifurahi, siwezi kudanganya. Kuna kilima kimoja kwenye hiyo njia, sio kirefu, mita mia na hamsini labda. Tulikipanda na kukishuka magari matano, kila gari mara tatu nne, huku mtu kakaa pembeni na simu anachukua video. Mkonga ulipita. One ten ilipita kwa kelele. Prado yangu ikazama kwenye kona, nikakanyaga mafuta, ikazama zaidi, nikakanyaga tena mpaka tope likafika kwenye paa na gari likakalia tumbo. Hapo ndio nikafunga winchi kwenye mkaratusi wa watu, waya moja kwa moja kwenye gome bila hata mkanda wa kuukinga mti, ukakata gome mzunguko mzima. Nikatoka, watu wakapiga makofi. Jioni tukala nyama choma. Ka-Suzuki kalipanda mara moja taratibu na kushuka mara moja, mwalimu akasema inatosha, akapaki.

Jumapili ya Pasaka asubuhi, saa moja hivi, tukasikia injini inalia mbali huko kilimani. Sio ya kwetu. Injini ya dizeli inalia, inanyamaza, inalia, inanyamaza, na kila dereva anaujua huo wimbo. Tukatembea kwa miguu kwenda kuangalia.

Ilikua Canter imebeba mboga. Karoti, kabichi za magunia, na nyuma kabisa juu matenga ya nyanya. Ilikua inapanda kwenda barabara kubwa kuwahi lori la Dar, lile linalobeba za wengi kwa pamoja na halimsubiri mtu, kwasababu nalo linatakiwa likute soko la alfajiri. Imeingia kwenye mitaro ya matairi yetu. Ile mitaro ilikua inafika magotini, jamani, nilishuka nikapima, magotini kabisa, na usiku maji yalikua yamepita humo humo yakaichimba zaidi. Canter haina fobaifo, ina tairi mbili mbili nyuma, imeegemea ukuta wa kilima ubavu mzima na matenga mawili yameshamwagika chini. Dereva alikua ametulia tu ametia mikono mfukoni. Hakutukana. Angetutukana ningelala vizuri.

Watu wakaanza kushusha mzigo. Kina mama na watoto wa kwenye kibonde walikuja, wengine wameshavaa nguo za kanisani, wakaanza kubeba kichwani kupandisha mpaka barabara kubwa, kilomita mbili za tope la sabuni, gunia la kabichi mtu mmoja au wanaume wawili na mti begani. Sisi tukasema tunaleta magari tubebe, lakini Canter imeziba njia na pembeni hapapitiki, yani fobaifo tano za mamilioni zimekaa nyuma ya Canter hazina faida yoyote. Tukabeba kichwani na sisi. Mimi nilianguka na tenga mara mbili, mara ya pili bibi mmoja akaninyang'anya akasema wee baba niachie, utaniulia nyanya. Karoti nyingi zilifika, kabichi zilifika. Nyanya nusu. Lori lilikua limeshaondoka zamani, ikabidi wauze pale pale kwa walanguzi wa bei ya huruma, na mimi nilikuwepo nikasikia bei inavyotajwa, siwezi kuisahau lakini siiandiki hapa kwasababu ni aibu ya watu wengine sio yangu tu.

Tukachanga. Tulikua na laki tatu na nusu taslimu kati yetu, tukampelekea mzee mmoja ambaye ndio kama msimamizi wa njia ile, mzee wa miaka sabini na kitu, mfupi, kavaa buti za mvua na koti la suti. Shikamoo mzee, tumekosea, tunaomba mpokee hiki kidogo. Marahaba. Akazipokea, akazihesabu mbele yetu noti moja moja, akamwita yule bibi na wengine wawili akawagawia pale pale, akasema hizi ni za nyanya. Halafu akatugeukia, akasema haya, na ya barabara iko wapi?

Tukadhani anataka hela nyingine. Jamaa wa Dar akatoa simu ati ngoja nitume kwa mtandao. Mzee akasema mwanangu weka simu, chukua beleshi.

Basi hatukuondoka Jumapili. Hatukuondoka na Jumatatu ya Pasaka. Tulifanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, sisi na vijana wa pale kama kumi na tano, kuanzia Jumapili mchana mpaka Jumatatu jioni, na hapo ndio nimejifunza kitu ambacho kwa miaka yangu yote ya kuendesha gari sikuwahi kukifikiria, naomba nikieleze vizuri kwasababu ndio kiini cha barua hii.

Barabara ya udongo ya mlimani haiharibiwi na gari. Inaharibiwa na maji, gari linayafungulia mlango tu. Njia ikiwa nzima inakua imeinuka kidogo katikati, au imelala kidogo upande wa ndani kwenye mtaro, mvua ikinyesha maji yanateremka pembeni yanaingia mtaroni yanaondoka. Sasa ukipitisha tairi ukachora mistari miwili mirefu kutoka juu ya kilima mpaka chini, umeyapa maji njia mbili mpya, nyembamba, zenye mteremko mkali, na maji yakibanwa kwenye njia nyembamba yanakimbia, na yakikimbia yanachimba. Mzee alisema maji hayaulizi njia, yanafuata ya kwanza kuiona. Mvua moja, mtaro wa tairi. Mvua tatu, korongo. Na likishakua korongo mwenye Canter anasogea pembeni anakanyaga kingo, kingo zinabomoka, mwisho barabara inaingia kwenye shamba la mtu.

Na kujaza udongo tu haisaidii. Sisi tulianza hivyo, tunachota udongo tunatupia kwenye mitaro kwa haraka haraka tuwahi kuondoka, mzee akatuangalia kama dakika kumi hivi kisha akasema huo mvua ya leo inaupeleka Mombo. Unatakiwa uanze juu. Unakata mfereji wa mshazari kuvuka barabara, kila baada ya hatua kadhaa, wa kuyatoa maji nje kabla hayajapata nguvu. Halafu kwenye mitaro unapanga mawe, makubwa chini madogo juu, unashindilia, ndio unaweka udongo. Na mdomo wa kila mfereji unauelekeza penye majani, sio kwenye shamba la jirani, hapo alikua mkali kweli kweli. Mawe tuliyatoa mtoni chini na hapo hatimaye magari yetu yakapata kazi ya maana, ka-Suzuki ndio kalikua kanapanda na mawe bila kuacha alama. Kepesi. Hatujakacheka tena tangu siku hiyo.

Tukiwa tumepumzika mzee akanihadithia kwamba kwao ni Mlalo, na mama yake ni katika wale waliolimishwa matuta na Mwingereza. Hii historia wengi hatufundishwi vizuri: mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea serikali ya mkoloni ilikuja na mpango wa kuzuia mmomonyoko, ikaanzia bonde la Mlalo kisha ikapeleka Usambara yote, kila familia ilazimike kukata matuta kwenye shamba lake, usipokata faini. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake. Watu wakaukataa mpango, wakaupinga mpaka 1957 ukafa. Mzee akasema, wakaandika kwamba Wasambaa hawajali ardhi. Sio kwamba hatuyajui maji, sisi tumezaliwa kwenye mteremko, tulichokataa ni mtu kuja kutusukuma. Akanyamaza kidogo, akasema sasa nyie mmekuja kuyafungulia maji kwa kucheza, na hamna hata faini. Nilishindwa kumjibu, nikarudi kwenye mawe.

Sasa nimjibu ndugu yangu aliyeandika wiki iliyopita. Unasema utalii wa ndani. Sawa. Mimi naupenda kuliko wewe labda, na nataka waghoshi, yani Wasambaa wenyewe, wapate hela yetu, mayai, kuku, kuni, ulinzi wa kambi, mtu wa kutuongoza msituni, vyote tununue kwao. Lakini piga hesabu. Sisi watano Pasaka ile kwa siku zote tungeacha pale kijijini labda laki mbili. Canter moja ya mboga ni zaidi ya hiyo mara kadhaa, na inapita pale karibu kila siku ya msimu, na masika ndio wakati ambao njia ikikatika hakuna wa kuja kuitengeneza mpaka pakauke. Njia za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, ni mtandao mkubwa ajabu, greda haiwezi kuja kufukia starehe yangu ya Jumamosi. Kwahiyo huyo mwenyekiti hakuwekei gogo wewe. Analinda barabara ya nyanya.

Halafu gogo halijawekwa mwaka mzima. Linawekwa mvua kubwa ikinyesha, linatolewa pakikauka, bodaboda na waenda kwa miguu wanapita pembeni, Canter wanaifungulia wenyewe wakishaona njia inabeba. Wenzetu Kenya kule Aberdare mvua zikizidi njia nyingi za ndani ya hifadhi zinafungwa na hakuna anayesema ushamba.

Na nikitaja Kenya, kuna jambo la watu wa fobaifo ambalo hua nalionea wivu. Wana mashindano yao yanaitwa Rhino Charge, yalianza 1989, kila mwaka sehemu tofauti, na sehemu yenyewe inafichwa mpaka karibu na siku. Sio mbio. Anayeshinda ni aliyepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, yani unanyoosha kupitia mabonde na mawe, akili nyingi kuliko mafuta. Lakini kuingia unachangisha hela, na hela hizo zimesaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wote wa Aberdare, kilomita kama 400, ukakamilika 2009, faru na tembo ndani, mashamba ya watu nje. Wakamaliza wakaenda milima mingine. Yani wanaopenda kuharibu magari yao wamesaidia kujenga uzio wa kilomita 400! Sisi huku mwaka 2024 Arusha tulikusanya Land Rover mpaka barabara zikajaa, ilipendeza sana nilikuwepo, nikajiuliza tu kama kila gari lile lingebeba beleshi moja na kwenda kijiji kimoja siku moja.

Najua kuna atakaesema mimi najua kuendesha, siachi mitaro. Inawezekana. Wengi wetu tunajua kununua vifaa tu. Mimi miaka yote naingia kwenye tope na upepo wa lami kwenye matairi, psi 35, wakati ukishusha mpaka 20 hivi tairi inatanuka, inakanyaga eneo kubwa, haizami na wala haichimbi (usishuke sana tu bila sababu, tairi itachomoka kwenye rimu, na ubebe pampu ya kurudishia kabla ya lami). Unaingiza low, zile gia nzito za nguvu za fobaifo, kabla ya tope, sio ukishakwama. Gia ya pili, mguu mwepesi, gari itembee kama inabeba mayai. Ukiona tairi inazunguka na gari halisogei acha hapo hapo, ukiendelea hauendeshi tena, unalima. Rudi nyuma, shuka, angalia kwa miguu. Na kushuka ni gia ya kwanza ya low, injini ndio ikushike, mguu toa kwenye breki, manake pale tairi zikijifunga unateleza na kukwangua njia kwa pamoja. Kurudi Mombo vilevile ushuke na gia, kila safari nakuta gari mbele yangu inanuka breki mpaka Soni. Winchi ni mkanda mpana kwenye mti, siku zote. Mti wetu ule ulikauka juu, ndio wakaukata, ndio ukawa gogo.

Mambo ya kambi sitasema mengi, kila mtu anayajua na hayafuati. Msituni Magamba unaingia kwa kibali cha watu wa misitu, na kiangazi nyasi zikiwa kavu moto unauzima kwa maji mpaka majivu uyaguse kwa mkono. Spika ya muziki iache nyumbani, watu wale wanaamka saa kumi alfajiri kwenda shamba. Chupa mlizopanda nazo zimejaa haziwi nzito zaidi zikiwa tupu, shukeni nazo.

Mhariri, ulizoea kuuliza wasomaji mnapendekeza nini. Mimi sipendekezi sheria, tunazo nyingi. Naomba tu wenzangu wenye magari wasogeze kalenda. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi milima ni mikavu, baridi kali tamu, mwezi wa saba usiku unalala na soksi mbili na kofia, anga liko wazi na asubuhi nyingine ukiwa Mtae unauona mpaka Kilimanjaro. Sisi tumeshapanga wikendi ya mwisho ya Juni, magari matano yale yale, na safari hii ka-Suzuki ndio kanaongoza. Mwalimu ametoa orodha ya vitu na namba moja sio hema wala nyama.

Juzi nilimpigia mzee kumjulia hali na kumwambia tunakuja. Akasema mifereji yetu mitatu ya juu imeshika, wa nne tuliukata vibaya, maji yameurudia. Nikamuuliza na gogo je, limetolewa? Akasema lipo pembeni, vijana wanalikalia jioni wakisubiri boda. Nikamwambia kuna mtu kaandika gazetini kulilalamikia. Akacheka sana, akaniuliza kama huyo mtu ana beleshi.

Dereva wa gari la tatu,
Tanga